Radhi Aliyoitafuta Mama

Barabara ya kwetu Njoro, mjini Moshi, ilipochimbwa ili kupitisha mabomba, waliweka bango la bati: TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU. Bango likakaa mpaka likaota kutu, shimo liko wazi, mvua inalijaza, na mbuzi wa jirani akatumbukia. Watu walipita wakacheka. Mimi sikucheka. Nikiliona neno hilo limebandikwa hovyo hovyo nakereka. Matangazo ya redio yakikatika, radhi. Maji yakikosekana wiki nzima, radhi. Jamani! Mngejua mama yangu alivyolitafuta neno hilo mngeandika kitu kingine kwenye hayo mabati yenu.

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, na wanafunzi wangu wananijua. Mtu akiniambia radhi na msamaha ni kitu kimoja, namsimamisha mpaka ajieleze. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni kuridhika, moyo kutulia. Ndugu zake tunao humu humu: ridhaa, ridhika, maridhiano. Ukimwambia mtu "niwie radhi", humwombi afute kosa. Unamwomba moyo wake utulie juu yako, hata kama kosa lenyewe litabaki pale pale. Haya sikuyapata kwenye kamusi. Niliyapata Pasua, kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja aliyekuwa baba yake mama yangu.

Babu huyo alikuwa Mwislamu wa mjini. Upande wa baba yake walitoka Pangani, mama yake alikuwa Mpare, na yeye mwenyewe hakujua nyumbani pengine zaidi ya Moshi. Alishona kanzu, suti za Kaunda na sare za shule, na binti yake mkubwa alikaa pembeni yake akipiga lupu za mkanda na kushona vifungo. Binti huyo ndiye mama yangu. Baba yangu alikuwa kijana wa Marangu, Mkatoliki, akifanya kazi mjini kwenye kinu cha kahawa. Alileta suruali ishonwe. Akaleta nyingine. Mama alikuwa akisema hajawahi kuona mtu anayechana suruali kwa haraka namna ile, kumbe alikuwa akizichana makusudi. Kisha siku moja binti hakuonekana barazani. Walikuwa wameshapanda mlima.

Akabatizwa huko, akafunga ndoa kanisani, akajifunza kukata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani kwenye mteremko. Nami nikazaliwa kihambani, yaani katikati ya migomba na mibuni inayoizunguka kila nyumba ya kule. Kwa babu wa Pasua sikumbuki kupelekwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama hana baba.

Nilipofaulu kwenda sekondari mjini, baba alinipeleka nikae kwa shangazi yangu, hapa hapa Njoro. Usiku wa kuamkia safari mama aliniita jikoni, akaniambia, "Pasua kuna fundi cherehani, ana duka lenye mlango wa kijani karibu na msikiti. Ni babu yako. Nenda kamsalimie. Usimwombe chochote." Nikamwuliza mbona yeye haendi. Akasema, "Mimi hajaniwia radhi."

Nilikwenda. Nikamkuta mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, mguu uko kwenye cherehani. Nikasema shikamoo. Alinitazama kwa muda, akaziona sura za watu wake usoni kwangu, akasema, "Marahaba. Mke wangu umechelewa sana, nimeshazeeka." Nikaangua kicheko, maana huko mlimani babu hatutanii hivyo. Toka siku hiyo kila Jumamosi nilikuwa Pasua.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mipaka ilishafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, na mtu akawa anapata shati sokoni kabla babu hajamaliza kumpima kifua. Kazi aliyobakiwa nayo ilikuwa kupunguza. Watu walimletea suruali za Ulaya zilizowapwaya azipunguze kiuno. Alizishika kwa ncha za vidole. "Kafa Ulaya hizi," alikuwa akisema. "Mwenyewe hajaoza vizuri, mimi nampunguzia kiuno." Mibuni yetu huko juu nayo ilikuwa imeanza kung'olewa, maana bei ya kahawa haikuwa ya kumtia mtu moyo tena. Kwa hiyo nilikuwa na nyumba mbili zenye huzuni, moja juu moja chini, na mimi katikati kama mpumbavu nikidhani nitazipatanisha.

Nilimwuliza mapema tu. Mimi sijui kuzunguka mbuyu. "Babu, kwa nini humwii mama radhi?"

Mguu ukasimama kwenye cherehani. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimeuliza mwenyewe."

"Basi jijibu mwenyewe." Akaendelea kushona. Baada ya mshono mmoja akasema bila kuniangalia, "Msamaha unatoka mdomoni, hata sasa hivi naweza kukupa. Radhi haitoki mdomoni. Inashuka yenyewe, na kama haijashuka, nikiitamka nitakuwa mwongo."

"Sasa itashuka lini?"

"Mke wangu," akasema, "una mdomo wa mama yako." Nikajua huyu mzee anamkumbuka mama kila siku ya Mungu, na hasira zikanipanda zaidi.

Neno lenyewe likaanza kunifuata kila mahali. Babu alikuwa akinituma uzi na vifungo kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi. Mzee huyo alipomaliza kupima kitambaa alimwuliza mteja, "Raji?" Nikamwuliza maana yake. Akasema kwa Kigujarati ni kuwa umeridhika, umefurahi, huna neno moyoni. Nikarudi mbio kumwambia babu. Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Ni lile lile letu. Waarabu wamelipeleka kila mahali." Jirani yake alikuwa mama wa Kisomali ambaye mumewe aliendesha malori ya mizigo. Mtoto wake akilia, au mteja wa maziwa akija amefura, alimwambia, "Raalli, raalli." Alinieleza kwamba ni kumbembeleza mtu: usikasirike, moyo wako utulie, uwe radhi. Neno moja limetembea India, limetembea Usomali, dukani linaulizwa bure, mtoto anabembelezwa nalo bure. Mama yangu peke yake ndiye wa kunyimwa. Niliona ni uonevu mtupu.

Likizo ilipofika nikapanda Marangu nikiwa na swali langu jipya. Mama alikuwa anakata mkungu wa ndizi. Nikamwuliza, "Mama, na huku kwa Wachaga radhi inaitwaje?"

Akafuta panga kwenye jani. "Maneno yapo, baba yako atakwambia. Lakini huku hawategemei maneno. Huku kuna isale."

Isale kila mtoto wa mlimani analijua. Ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba na mahali walipolala wazee. Mtu akikosa, anachukua jani lake, analifunga fundo, anampa mtu mzima mwenye heshima alipeleke kwa aliyekosewa. Likishafika, mambo yamekwisha. Unaweza kununa, unaweza kudai mbuzi, lakini isale halikataliwi. Anayelikataa amejitoa mwenyewe katika watu.

Ndipo mama akanisimulia kisa ambacho hakuna aliyewahi kunisimulia. Alipotoroshwa, baba yake baba, yaani babu yangu wa mlimani, aliona aibu. Kumchukua binti wa watu bila kuaga ni kosa, na kosa lina njia yake. Akamwita kaka yake mkubwa. Akakata isale zuri, akalifunga fundo. Na kwa kuwa huwezi kwenda kuomba radhi mikono mitupu, akatoa kilicho bora nyumbani: mtungi wa mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, iliyoiva vizuri. Wakautelemsha mjini kwa basi, wakiupakata njia nzima usimwagike. Wakaupeleka Pasua. Wakauweka barazani kwa fundi cherehani, jani likiwa juu, wakakaa kumsubiri atoke msikitini.

"Mungu wangu," nikasema. "Mama! Pombe? Kwa babu? Siku gani?"

"Ijumaa," akasema mama, na sote wawili tukaanza kucheka, vicheko vya kutia machozi, mpaka ng'ombe akageuka kututazama. Kisha yeye akaendelea kutoa machozi na mimi nikanyamaza.

Babu wa Pasua alitoka kuswali, kanzu nyeupe, na majirani zake wote wa msikitini nyuma yake, akakuta povu la pombe linatiririka kwenye baraza yake. Aliona watu wa mlimani wamemwibia binti, sasa wamekuja kumcheka mbele ya jamaa. Akaupiga mtungi teke. Mbege ikaenda mfereji, na isale likaenda nayo. Wale wazee hawakusema kitu. Kwao, aliyefanya vile alikuwa amekataa kile kisichokataliwa. Walipanda basi, wakarudi, wakasema: mtu yule amekata undugu, tusimtaje tena. Wakaacha kumtaja. Na kule chini mama akaacha kutajwa. Kila upande ukakaa na kidonda chake, na kila upande ulikuwa na haki yake, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Hakuna hata mtu mmoja mbaya katika kisa hiki ningeweza kumtukana.

"Mbona hukumweleza?" nikamwuliza mama.

"Nilimwendea wewe ukiwa mgongoni. Nikapiga magoti pale mlangoni. Alinipita akaingia ndani." Akauweka mkungu chini. "Nimeungama kwa padre mara nyingi. Padre ananiondolea dhambi, naamini. Lakini padre si baba yangu. Nilipozika watoto wawili waliokutangulia nilijua kwa nini. Ng'ombe akifa najua kwa nini. Ninaishi kama mtu aliyesahau kitu jikoni, moto unawaka."

Nilimwambia hayo ni mambo ya kijinga, Mungu hana roho mbaya hivyo. Akasema, "Ndiyo mwalimu," ingawa nilikuwa kidato cha pili tu, akaendelea na ndizi zake.

Nilipotelemka shule kufunguliwa, nilikuwa na jani la isale ndani ya mkoba. Sikumwambia mtu. Na kwa kufunga fundo niliiga tu nilivyowahi kuona. Jumamosi nikaenda Pasua, nikamkuta babu anapunguza koti la kafa Ulaya, nikaliweka jani juu ya meza ya cherehani, mbele ya sindano.

"Nini hiki?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kwa sauti ya juu kuliko inavyompasa mjukuu. Nikamwambia kule kwetu pombe ile si ulevi, ndiyo heshima yenyewe. Nikamwambia angeletewa mbuzi kama wangejua, lakini hawakujua, walileta walichokuwa nacho. Na la muhimu halikuwa pombe. La muhimu lilikuwa jani.

Alilishika kwa namna alivyoshika kitambaa, akipitisha kidole kwenye ukingo. "Jani kama hili ndilo lililokuwa juu ya mtungi?"

"Ndilo."

"Nililiona. Nilidhani wamefunikia." Akalipindua. "Mbona hawakusema?"

"Walishasema, babu. Hilo ndilo kusema kwao."

"Mimi sisomi majani," akasema, lakini pole pole, wala hakukuwa na hasira. Mama wa Kisomali akaja kumsalimia, hakumwitikia. Akaliweka jani mapajani. Mwisho akavua miwani, akajifuta uso kwa kipande cha koti la watu, akasema, "Mwezi wa Ramadhani unaingia. Mwambie mama yako aje Idi."

"Aje umwie radhi?"

"Nimesema aje Idi. Unataka nikuandikie?"

Sikumaliza hata chai. Nilipanda gari la Marangu jioni ile ile, shangazi hajui niliko, nikafika kwetu giza limeingia, nikampigia mama kelele kutoka kwenye mgomba wa kwanza. Alitoka na taa ya kandili. Nilipomwambia alikaa chini pale pale kwenye majani, akauliza, "Alisema hivyo mwenyewe? Kwa mdomo wake?" Nikamrudia. Akataka nimrudie tena, neno kwa neno, na sauti aliyotumia, na kama alikuwa amesimama au amekaa.

Ramadhani ile, kila Jumamosi jioni nilipopanda kwetu, mama alikuwa mtu mwingine. Aliimba akikamua. Alijinunulia doti ya khanga, akaikunja, akaifunua, akaikunja. Alijaribu kukumbuka kupika vitu vya Idi alivyofundishwa na mama yake, akatuunguzia tambi mara mbili, baba akazila zote na kuzisifia. Hata babu wa mlimani, aliyesema mtu yule asitajwe, alikuja kuuliza kama wazee wa Kiislamu wanakula ndizi za mshare, au nazo zina neno.

Mwezi ukiwa umebakiza siku chache uandame, Jumapili asubuhi, alikuja kijana wa Pasua na basi la kwanza kutoka mjini. Babu wa Pasua alikuwa ameamka kula daku, akaanguka akienda kutawadha. Alikuwa amekwisha fariki.

Kwetu mlimani maiti hukaa, ndugu wakafika, wakapanga. Jamaa za baba walishangaa haraka yetu. Mama alijua Waislamu huzika siku hiyo hiyo. Alivaa ile doti mpya, ambayo haikuwa ya msiba kabisa, ya rangi ya chungwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kwenye sanduku, tukatelemka. Njia nzima hakulia.

Tulifika ameshaoshwa na kuvikwa sanda. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, mikeka mpaka ukutani. Wengine walimjua, wakasogea. Wengine walimjua, hawakusogea. Tukakaa karibu na mlango. Nje uani wanaume walilileta jeneza, na sheikh akaanza kusema. Akasema marehemu alikuwa binadamu, ameishi na watu, na anayeishi na watu hakosi kukosa. Akasema kama alimkosea mtu kwa neno au kwa tendo, basi mtu huyo leo amwie radhi, asiende na mzigo. Ni desturi, husemwa kwenye kila msiba wa Kiislamu, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuisikia. Akauliza, "Mmemwia radhi?"

"Tumemwia radhi," wakajibu, wanaume nje, wanawake ndani.

"Mmemwia radhi?"

"Tumemwia radhi."

"Mimi bado," akasema mama.

Sauti yake ilikuwa imezoea kuita watu ng'ambo ya bonde. Ilitoka nje ikafika hadi barabarani. Ndani mwanamke mmoja akasema astaghafirullah. Mjomba, mdogo wake mama, akaja mlangoni, macho mekundu, akainama. "Dada, nakuomba. Mzee hawezi kuondoka hivi. Usimfanyie hivi."

"Sijamfanyia kitu," akasema mama. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuja kuomba. Idi. Aliniita Idi. Sasa mnaniomba mimi?"

Mjomba akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya wanawake. Mama akainuka. Sikumshika. Alitoka uani na khanga zake za chungwa, na wanaume wakampisha, na sheikh hakumzuia. Akaenda kusimama upande wa kichwa. Hakuligusa jeneza. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeongea na mzee aliyekaa kwenye kiti, "Baba, shikamoo. Nimekuwia radhi. Yote, na ya mlangoni, nimekuwia."

Watu wakashusha pumzi. Sheikh akafungua mdomo aendelee.

"Na mimi?" akasema mama.

Sheikh akaufunga mdomo. Mjomba akatazama chini. Nami niliyeleta ule ujumbe sikuwa na kitu cha kumpa, maana nilikuwa nimeambiwa aje Idi tu, na aliyejua kilichokuwa kinamngoja Idi alikuwa mle ndani ya sanda. Mama alisimama akisubiri. Na wale wanaume, naapa, wote walisubiri naye, wengine wameinamisha kichwa upande wa jeneza. Kisha mjomba akasema bismillahi, akashika jeneza, wenzake wakashika, wakamchukua mzee.